Ugumu wa Kambare

Ukitaka kumkera mzee mbele ya wageni wake, mwambie kwamba nyumba yake ni nyumba ya kambare: baba ana ndevu, mama ana ndevu, watoto nao wana ndevu. Hukumtukana, ila ujumbe umefika. Humo ndani hakuna mkubwa, kila mtu msemaji. Wanasiasa wetu wanaupenda sana msemo huu, hasa chama kinapoanza kuingia ufa. Jioni hii tuwaache wanasiasa na vyama vyao, tuingie katika nyumba yenyewe ya kambare. Tuone wakazi wake ni akina nani, wanaishije, na kwa nini sifa tunayowapa kuliko zote, sifa ya ugumu, ndiyo inayoweza kuwaponza.

Ugumu huo anaujua kila aliyewahi kununua kambare sokoni. Perege akitolewa majini hana safari ndefu. Kambare unamkuta kwenye beseni kavu tangu alfajiri, na jua likipanda bado anapinda mkia. Mvuvi anamfunika kwa majani mabichi, anamfunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, anapanda na kushuka vilima, na mzigo unafika ukiwa hai. Kwa hiyo tumejiwekea hitimisho: samaki huyu hahitaji kitu. Maji machafu anaishi, tope anaishi, dimbwi likikauka anajiondokea. Mimi nasema hitimisho hilo ni nusu ya ukweli. Nusu ya pili ndiyo itakayoamua kama wajukuu wetu watamjua kambare wa mtoni, au watamjua wa kufugwa peke yake.

Tuanze na ukoo. Wataalamu wa samaki wanauita Clariidae. Una spishi zaidi ya 100, na makazi yake ya asili ni Afrika, Mashariki ya Kati, na Asia ya kusini na kusini-mashariki. Alama za ukoo ni chache na hazifichiki: ngozi tupu isiyo na magamba, kichwa bapa chenye mfupa mgumu juu, pezi refu la mgongoni linaloanza karibu na kisogo na kushuka mpaka jirani na mkia, na ndevu nane, jozi nne. Gogogo wa Ziwa Viktoria naye ana ndevu, lakini ana mwiba mkali mgongoni. Huyo ni wa ukoo mwingine. Kamongo anapumua hewa na anajizika kwenye tope, na wengi humchanganya na kambare. Lakini kamongo ana mapafu hasa, na kwa nasaba yuko karibu zaidi na sisi wenye miguu na mikono kuliko alivyo karibu na kambare.

Mwenye jina kubwa katika ukoo ni kambare mumi, Clarias gariepinus. Aliyemwandika kwanza kitaalamu ni msafiri Mwingereza, William Burchell, mwaka 1822, akampa jina la mto Gariep wa Afrika Kusini, ambao ramani nyingi zinauita Orange. Kutoka huko kusini, samaki huyu ameenea kupitia Zambezi, Rufiji na maziwa yetu makuu hadi mto Naili, na bado hajaishia: yuko Jordani, yuko Syria, yuko kusini mwa Uturuki. Kwa zaidi ya karne moja vitabu vilimgawa. Wa kaskazini aliitwa Clarias lazera, wa mashariki Clarias mossambicus, na wa kusini akabaki na jina lake la 1822. Ni katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Kibelgiji, Guy Teugels, alipowapima tena na kuonyesha kwamba hao wote ni mtu mmoja mwenye pasipoti tatu.

Na ni mtu mkubwa. Kambare mumi anaweza kufikia urefu wa mita 1.7 na uzito wa kilo 60. Ndugu yake, Heterobranchus longifilis, anayeitwa vundu huko Zambezi, anavuka kilo 50, na utamjua kwa pezi la pili la mafuta lililokaa nyuma ya lile la mgongoni. Hawa ni miongoni mwa samaki wakubwa wa maji baridi barani Afrika. Ukiwaza kwamba mkubwa namna hiyo anaishi kwenye matope na mafunjo, mahali ambapo hata samaki wadogo wanakosa pumzi, swali linakuja lenyewe: anapumuaje?

Jibu liko nyuma ya kichwa chake. Samaki wengi wanategemea matamvua, zile nyuzi nyekundu zilizo ndani ya mashavu, kuchuja oksijeni iliyoyeyuka majini. Samaki akitolewa nje, nyuzi zile zinalaliana na kugandana, na ndiyo maana anakufa huku amezungukwa na hewa tele. Kambare ana matamvua kama wengine, lakini juu yake kuna chumba, kimoja kila upande, na ndani ya kila chumba kuna vichaka viwili vyekundu vyenye matawi, mfano wa koliflawa, vilivyochipuka kutoka kwenye matao ya matamvua. Vichaka hivyo vina gegedu ndani, kwa hiyo havilaliani hewani. Kambare anapanda juu, anafungua kinywa, anachukua funda la hewa, analifungia chumbani, anazama. Damu inayopita kwenye matawi inachukua oksijeni moja kwa moja kutoka kwenye hewa hiyo.

Faida yake utaiona ukienda kwenye mafunjo. Majani yanayooza yanakula oksijeni ya maji, na mafunjo yenyewe yanazuia upepo na mwanga. Maji yanakuwa meusi, yametulia, hayana pumzi. Sangara hawezi kukaa humo. Kambare anakaa, anakula, ananenepa, na adui zake wengi wamebaki nje mlangoni.

Chumba hicho cha hewa ndicho kinachompa pia uhuru wa kutembea. Usiku wa mvua, nyasi zikiwa zimelowa, kambare anaweza kuacha dimbwi moja na kwenda jingine. Anasimamisha miiba ya mapezi ya kifuani, anaiegemea kushoto na kulia, na mwili unajinyonga kumsukuma mbele. Hatembei kwa madaha, lakini anafika. Mtaalamu wa Afrika Kusini, Mike Bruton, alimchunguza kambare huyu kwa muda mrefu katika Ziwa Sibaya, na aliandika mwaka 1979 jinsi anavyokabiliana na ukame. Anaweza kuvumilia katika tope lenye unyevu. Ila hapa ndipo anapoachana na kamongo. Kamongo anajitengenezea gamba la ute chini ya ardhi na kulala humo mpaka mvua irudi. Kambare hana ujuzi huo. Tope likikauka kabisa, naye amekwisha. Huo ndio mpaka wa kwanza wa ugumu wake; shika kidole kimoja, mingine inakuja.

Sasa turudi kwenye ndevu, kwa sababu msemo wetu umezidharau. Macho ya kambare ni madogo, na katika maji ya tope hata macho makubwa yasingemsaidia. Ndevu zake nane zimejaa vionjio vya ladha. Kabla chakula hakijafika kinywani, kambare ameshakigusa na kukionja, na hata ngozi ya mwili wake ina vionjio hivyo. Katika nyumba hii, basi, kuwa na ndevu ndiyo sharti la kula, na mtoto asiye nazo angelala njaa.

Na ana hisi nyingine ambayo sisi hatuna. Ngozi yake, hasa ya kichwani, inahisi umeme hafifu. Kuna samaki wa jamii ya domodomo wanaowasiliana gizani kwa mapigo madogo ya umeme. Mapigo hayo kwa kawaida ni mafupi mno, kiasi kwamba kambare hayapati vizuri. Lakini majaribio yaliyochapishwa mwaka 2000 na Susanne Hanika na Bernd Kramer, juu ya samaki mmoja wa jamii hiyo kusini mwa Afrika, yalionyesha jambo la kusikitisha kidogo. Dume anapokomaa na kutaka jike, pigo lake linarefuka, na pigo refu kambare analipata. Yaani domodomo anatuma salamu za mapenzi, na anayezipokea kwanza ni yule atakayemla.

Wanaotembelea delta ya Okavango, Botswana, wameyaona matokeo yake kwa macho. Maji ya mafuriko yanapopungua, kuanzia karibu mwezi Agosti, samaki wadogo wanatoka kwenye nyika zilizofurika na kurudi kwenye mikondo. Kambare wanawangojea. Wanakusanyika kwa mamia, wakati mwingine kwa maelfu, wanasonga kandokando ya mafunjo huku wakipiga maji kwa mikia, na ndege wanawafuata juu kuokota mabaki. G. S. Merron aliandika habari za mawindo hayo mwaka 1993, na chakula kikuu alichokikuta ni hao hao jamii ya domodomo. Kambare ambaye sisi tunamdhania mzembe wa topeni, kumbe anawinda kwa kikosi.

Akikosa windo hachagui. Anakula konokono, kaa, wadudu, matunda yaliyoanguka majini, vyura, vifaranga vya ndege, na hata viumbe vidogo vinavyoelea ambavyo anavichuja kwa matamvua. Katika mabwawa ya msitu wa Kongo kuna ndugu yao mwembamba kama mkunga, Channallabes apus, ambaye anafanya jambo la ajabu zaidi. Anatoka nje ya maji, ananyanyua kichwa na sehemu ya mbele ya mwili, anapinda kichwa chini, anambana mdudu ardhini, ndipo anamfyonza. Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp na wenzake walieleza windo hilo katika jarida la Nature mwaka 2006. Samaki kuvua nchi kavu: ukilisema barazani bila ushahidi, utaambiwa umeota.

Msikilizaji, mpaka hapa nimemsifu. Sasa tuingie chumba cha uzazi, na humo hadithi inabadilika.

Kambare wa mtoni hazai kwa kalenda. Anangoja mvua. Maji yanapopanda na kufunika nyasi kandokando, watu wazima wanaacha mto na ziwa, wanaingia kwenye vijito na mbuga zilizofurika, usiku, kwenye maji ya kina cha magoti au pungufu. Dume anajipinda kuzunguka kichwa cha jike, wanatulia hivyo kwa sekunde chache, na jike akimwaga mayai anapiga mkia na kuyatawanya. Mayai ni makumi ya maelfu, kila moja lina upana wa milimita moja na ushee, na yana gundi. Yananasa kwenye majani ya nyasi iliyozama. Kisha wazazi wanaondoka. Hakuna kiota, hakuna ulinzi, hakuna atakayerudi kutazama. Sato jike anabeba watoto wake kinywani. Kambare amewekeza kwa mafuriko.

Maji yakiwa na joto zuri, mayai yanaanguliwa ndani ya siku moja au moja na nusu. Kinachotoka ni kiumbe cha milimita chache chenye mfuko wa kiini, na baada ya siku mbili tatu mfuko umekwisha, lazima ale. Na sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu ndilo moyo wa mazungumzo yetu: kifaranga huyu hana chumba cha hewa. Vile vichaka vyekundu vya baba yake na mama yake havijaota. Vitahitaji wiki mbili hadi tatu kukua vifanye kazi. Kwa muda huo wote, mtoto wa samaki mgumu kuliko wengi barani Afrika anahitaji maji mapya, yenye oksijeni, yenye kina kidogo na joto, yaliyojaa wadudu wadogo wa kula na nyasi za kujificha. Yakikauka mapema, amekufa. Yakichafuka, amekufa. Vyura wanamla, mabuu ya kerengende yanamla, na kaka zake wanamla pia, kwa sababu kambare wakitofautiana kimo, mkubwa anammeza mdogo bila kuulizana jina.

Kwa hiyo ugumu wa kambare ni mali ya utu uzima. Utoto wake ni dhaifu, na utoto huo unapita mahali pamoja tu: kwenye nchi iliyofurika, ambayo miezi mingine ni malisho, ni shamba, au ni kiwanja kilichotangazwa kuuzwa.

Wanadamu waliijua siri ya mafuriko haya zamani sana. Katika bonde la mto Semliki, mashariki ya Kongo, karibu na Ziwa Edward, kuna mahali panaitwa Katanda. John Yellen na Alison Brooks walichimba pale, na mwaka 1995 wakatangaza kupata vichwa vya chusa vilivyochongwa kwa mfupa, pamoja na mifupa mingi ya samaki wakubwa wa aina ya kambare. Umri waliokadiria ni miaka ipatayo 90,000. Wapo waliobishana nao juu ya tarehe, lakini windo lenyewe linaeleweka. Watu walikuwa wakija mtoni msimu ambao kambare wakubwa wamepanda kuzaa na wako kwenye maji mafupi. Huko Wadi Kubbaniya, karibu na Aswan nchini Misri, wawindaji wa zaidi ya miaka 17,000 iliyopita waliacha malundo ya mifupa ya kambare, na wataalamu wanadhani waliwakausha ili wawatumie baadaye. Ukimwona mama wa Ifakara leo anabanika kambare kwa moshi awapeleke sokoni, unaona kazi yenye umri mrefu kuliko piramidi.

Lakini ujuzi ule ule ni mtego. Usiku wa mvua za kwanza, kambare anayepanda kijito ni yule yule aliyebeba mayai. Ukiziba kijito kwa uzio wa matete na kuacha mlango mmoja wenye mgono, utajaza kikapu bila jasho, na umevua pia mwaka ujao. Watu wa Katanda walikuwa wachache na mto ulikuwa mrefu. Sisi ni wengi, na nyavu zetu ni za nailoni.

Wapo watakaosema: kwani lazima awe wa mtoni? Tufuge. Naam, tufuge, na hapa kambare ametutendea wema. Hajali kubanana, anakula karibu kila kitu, na akilishwa vizuri anafikia kilo moja ndani ya miezi sita hadi minane. Nigeria leo ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa kambare wa Afrika duniani, na huko supu ya kambare ni heshima ya mgeni. Kenya ilipoanzisha mpango wa kuchimba mabwawa ya samaki mwaka 2009, kambare alikuwa bega kwa bega na ngege. Na kandokando ya Ziwa Viktoria kuna soko ambalo wa mjini halijui: vifaranga wa kambare wanauzwa wakiwa hai kuwa chambo cha sangara. Wanakaa hai kwenye ndoano muda mrefu, na sangara anapenda windo linalocheza. Ugumu wake tena, safari hii unamgharimu yeye.

Hata hivyo, muulize mfugaji kuhusu uzazi, utaona anakuna kichwa. Bwawani kambare ananona, mayai yanajaa tumboni, lakini hazai, kwa sababu mafuriko hayaji. Inabidi adanganywe. Jike anachomwa sindano ya kichocheo, cha dukani au kilichotolewa kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo wa kambare mwingine. Maji yakiwa na nyuzi 25, baada ya muda wa saa 11 hivi mayai yanakamuliwa kwa mkono. Dume hakamuliki, lazima achinjwe ili mbegu zitolewe. Kisha zinaanza zile wiki tatu za hofu, kwenye matangi yenye maji safi yanayotembea, chakula hai, na kupanga vifaranga kwa ukubwa mara kwa mara ili wasilane. Kila shilingi ambayo mtotoleshaji anaitumia hapo ni bei ya kazi ambayo mbuga iliyofurika inaifanya bure.

Kuna jambo lingine katika ufugaji linalotaka uangalifu. Samaki mgumu akihamishwa, hajui kwamba ni mgeni. Afrika Kusini ilipofungua handaki la kupeleka maji ya mto Orange kwenda mto Great Fish mwaka 1975, kambare alipita na maji hayo, akaingia mito ambayo hakuwahi kuishi, na samaki wenyeji wakapata jirani mlafi. India ilimpiga marufuku kambare wa Afrika mwaka 2000, na bado anafugwa kwa siri na kuonekana mitoni. Thailand wamemchanganya dume wake na jike wa kambare wa kwao, na machotara wakitoroka, nasaba ya wenyeji inaingiliwa. Marekani nayo ilimpokea binamu wa Asia katika jimbo la Florida miaka ya 1960, akaletwa kwa biashara ya samaki wa mapambo. Alitoroka kwa njia ya ukoo: alitembea. Baadaye wafugaji wa samaki huko walilazimika kuzungushia mabwawa yao uzio, ili kumzuia asitembee kuingia na kuwala samaki wao. Kwa hiyo mfugaji wa kwetu anayeagiza mbegu kutoka mbali, akiambiwa zinakua haraka, aulize pia zitakwenda wapi bwawa likivunja kingo.

Na si kila mwenye ndevu hizi ni mgumu. Katika Ziwa Nyasa kuna kundi la kambare wa vilindi, wanaoitwa kitaalamu Bathyclarias, ambao mababu zao walikuwa wa aina ya kambare mumi. Waliposhuka kwenye kina kirefu, kupanda juu kila mara kufuata hewa kukawa hakuna maana, na chumba chao cha hewa kikapungua. Ziwa Tanganyika lina wa kwake, Dinotopterus cunningtoni, ambaye naye chumba chake ni kidogo. Ziwa Viktoria lilikuwa na kambare mdogo wa kilindini, Xenoclarias eupogon. Huyu leo amewekwa katika orodha ya walio hatarini kabisa, na huenda ameshatoweka. Sangara alikuwa amejaa ziwani, na maji ya chini yakawa yanakosa oksijeni. Kambare mumi angepanda juu akavuta pumzi. Binamu yake hakuwa na pa kwenda. Aliposhindwa, wachache sana walijua kwamba alikuwepo.

Sasa tuzungumze ya nyumbani, Tanzania. Bonde la Kilombero lilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 2002, na Malagarasi-Muyovozi lilitangulia mwaka 2000. Yote mawili ni nchi za mafuriko, na yote mawili ni nchi za kambare. Yanabanwa kutoka pande nyingi: mashamba ya mpunga yanasogea, mifugo inaingia, mafunjo yanachomwa, na madawa ya shambani yanateremka na mvua ya kwanza, siku zile zile ambazo mayai yako kwenye nyasi. Chini zaidi ya Kilombero, mto Rufiji sasa una bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kutoa megawati 2,115. Umeme tunauhitaji, na sitasimama hapa kuwaambia watu wakae gizani kwa ajili ya samaki. Ninachosema ni kwamba anayeshika ufunguo wa maji ya bwawa lolote ameshika pia msimu wa uzazi wa kambare wa chini yake. Mafuriko yakiachiliwa kwa siku mbili kisha yakafungwa, kambare watapanda, watazaa, na mayai yataanikwa juani. Hesabu ya maji ni vizuri ifanywe na mtu wa umeme pamoja na mtu wa samaki, wakiwa meza moja.

Vijijini kuna yanayowezekana bila kungoja mtu wa meza. Vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi vinaweza kukubaliana kwamba usiku wa kwanza wa mafuriko vijito havizibwi, na mgono unawekwa baada ya samaki kushuka, wakiwa wamezaa. Mkulima wa mpunga anaweza kuacha mfereji mmoja wazi kati ya jaruba na mto, ili maji yanapopungua vifaranga wapate njia ya kurudi; na kabla ya hapo watakuwa wamemlia wadudu wengi. Na anayeanza kulima karibu na mto aache kamba ya nyasi ukingoni bila kuifyeka. Haya hayahitaji mfadhili, yanahitaji kikao.

Wapo wasikilizaji wangu ambao kambare hawamgusi. Ndugu zetu Wasabato, kwa kufuata Walawi 11, hawali samaki asiye na magamba, na Waislamu wa madhehebu ya Shia wana sheria ya namna hiyo. Simlazimishi mtu sahani. Lakini mbuga inayomlea kambare inalea pia ndege, ng'ombe wa kiangazi, na maji ya visima vyetu, na hayo hayana dini.

Kambare mkubwa hatudai mengi. Maji yakioza atapanda juu kupumua, dimbwi likikauka atatafuta jingine, na ukimweka kwenye beseni atakusubiri mpaka jioni. Tusimpime kwa huyo. Tumpime kwa kifaranga cha milimita chache kilichojificha kwenye nyasi, ambacho kitakuwa kigumu kama baba yake endapo tu kitapata wiki tatu za maji yasiyokauka, safi, juu ya nyasi. Wiki tatu kwa mwaka ndilo deni letu kwake, na ni deni linalolipika.